Mstari Kwenye Shati la Dereva Bora

Mume wangu hawezi kunidanganya. Si kwamba ni mkweli kuliko waume wengine, ila mashati yake nayafua mimi.

Yeye ni dereva wa gari la vifurushi, mimi ni fundi cherehani. Kutwa nzima yeye yuko barabarani akigonga milango ya watu, na mimi niko dirishani kwangu na mashine yangu. Jioni akifika hana maneno. Anavua viatu, anakunywa maji, anaketi akiutazama ukuta kana kwamba ukuta ndio wenye zamu ya kuzungumza. Nimezoea. Habari za kutwa nazipata kwenye beseni. Shati likiwa na jasho kwenye makwapa peke yake, siku ilikuwa ya kawaida. Likiwa na jasho hadi kwenye ukosi, alipandisha ngazi sana. Likiwa na alama ya makucha, kuna mteja anafuga mbwa na hakumfunga.

Kampuni yao iliwapa mashati ya samawati, rangi iliyochaguliwa na mtu ambaye hajafua nguo tangu azaliwe. Nusu ya njia ya mume wangu ni vumbi tupu, na kipoza hewa cha gari kilishakufa zamani, kwa hiyo anaendesha kioo kikiwa chini. Jioni shati linarudi na rangi ya tofali. Isipokuwa mstari mmoja. Mstari huo ulikuwa mpana kama kiganja changu, ukianzia kwenye bega la upande wa mlango, ukikata kifua mshazari mpaka kwenye nyonga ya upande wa pili. Hapo ndipo mkanda wa kiti ulipokuwa umelala, na chini yake samawati ilibaki safi kama ilivyotoka dukani.

Nilikuwa nikimtania kwa mstari ule. Akiingia namsimamia wima, namwambia karibu mheshimiwa, naona leo umevishwa nishani. Yeye ananipa mkono kwa heshima zote kama mgeni wa taifa, halafu ananiuliza chakula kiko wapi. Mizaha ya mume na mke wasio na muda wa mizaha mirefu. Lakini nilikuwa nikiupenda ule mstari. Nilipokuwa nikiufua nilikuwa naupa sabuni kidogo tu, kwa sababu haukuhitaji.

Basi siku moja mstari haukuwepo.

Niliinua shati kwenye mwanga nikaligeuza mbele na nyuma. Vumbi lilikuwa limetanda kifua kizima, sawasawa, bila njia. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Nilimuuliza, akasema vumbi limezidi siku hizi. Mtu mzima, baba wa watoto, anasema vumbi limezidi mpaka linapenya chini ya mkanda.

Sasa msinicheke. Mke wa dereva ana ruhusa ya kuwaza, na mimi niliwaza kile ambacho mngewaza nyote. Shati hupoteza mstari wake vipi? Likivuliwa. Likivuliwa, likatupwa mahali, likakung'utwa na mkono ambao si wangu, halafu likavaliwa tena. Nilimwona huyo mwanamke kabisa. Nilimpa nyumba yenye bustani na kengele mlangoni, nikampa na sauti ya kuita “ingia, pole na jua.” Usiku nilikuwa nikilala nimempa mgongo mume wangu, naye maskini amechoka hata hajui kama amepewa mgongo.

Jumapili iliyofuata akaja Kobe. Kobe ni rafiki wa mume wangu tangu wote wawili hawajui kushika usukani, na ndiye aliyekuwa mpambe wake siku ya harusi yetu. Wenzao kazini wanamwita Kobe kwa sababu hana haraka na kitu chochote, hata kwenye meza ya chakula. Mume wangu wanamwita Mshale, na sababu yake ni hiyohiyo kinyume. Kobe alileta shati lake la kazi nimshonee mkono uliofumuka, akaomba radhi kwamba halijafuliwa. Nililikunjua mapajani. Vumbi lilelile la tofali, na katikati yake, safi kabisa, mstari.

Nikamuuliza kama siku hizi wanapita njia tofauti na mume wangu. Akasema hapana shemeji, njia ni ileile, vumbi ni lilelile. Halafu akaona jinsi ninavyomwangalia, akaanza kuusifu uji wangu ambao siku hiyo ulikuwa umeungua.

Hapo nikapiga moyo konde. Gari la kampuni halipakii mtu asiye na kazi nalo, kwa hiyo kumfuata njiani kusingewezekana. Lakini mtaa wetu uko kwenye njia yake. Kila siku anapita mwisho wa barabara yetu na hasimami, kwa sababu gari lina chombo kinachomwambia bosi kila linaposimama. Basi kuna jambo moja tu linaloweza kumsimamisha dereva wa vifurushi mlangoni kwako mchana. Niliagiza zipu. Zipu nyeusi za sketi, bunda moja, na mahali pa kupelekewa nikaandika nyumbani kwangu.

Alikuja. Nilimsikia kabla sijamwona, breki, mlango, viatu vinakimbia. Alikimbia kwenye njia ya nyumba yake mwenyewe kama anayefukuzwa na nyuki, akagonga, akasoma jina kwenye kifurushi bila kuinua macho.

“Saini hapa, mama,” akasema, akaninyooshea kile kidude chao.

“Mama yako nani?”

Akainua macho. Sikuwa nimewahi kumwona mume wangu akiwa kazini, miaka yote ile. Nyumbani ni mtu mtulivu, mzito kidogo. Huyu aliyesimama mbele yangu alikuwa amekonda usoni tangu asubuhi. Macho yake yalikuwa yakirudi kwenye gari kila mara, na kidole chake kilikuwa kikipigapiga ubavu wa kile kidude. Nilimwambia asubiri nimletee maji. Akasema mke wangu, nakuomba, weka saini, inahesabu. Nikasema nani anahesabu. Akasema mashine.

Nilimrudishia kidude bila saini nikatembea moja kwa moja mpaka kwenye gari. Nilikuwa natafuta harufu ya manukato. Nilikuwa natafuta unywele. Nilifungua mlango wa dereva kwa nguvu zangu zote, nikaona mkanda.

Ulikuwa umefungwa. Ulitoka juu kwenye nguzo ya mlango, ukapita mshazari kwenye egemeo la kiti, ukaingia kwenye kifungio chake upande wa pili na kubanwa vizuri kabisa, na ndani yake hakuna mtu. Mkanda ulikuwa umekumbatia kiti. Mwenye kuendesha aliketi mbele yake, akiuegemea kwa mgongo kama mto. Ulikuwa na vumbi la siku nyingi, maana haukuwa umeguswa.

Nitasema ukweli: kwanza nilifurahi. Hakuna mwanamke. Yule wa kengele na bustani alikufa palepale na sikumlilia. Furaha hiyo ilidumu kama pumzi moja, halafu nikakitazama kioo cha mbele, nikashika mlango.

Yeye alikuwa amefika nyuma yangu. Alinishika mabega akanisogeza pembeni, taratibu, kama anavyosogeza watoto wakilala kwenye njia, akapanda, akakaa mbele ya mkanda uliofungwa. Gari likaondoka bila kulia hata mlio mmoja.

Jioni, watoto walipokuwa nje, nilimweka kitako. Safari hii ukuta haukupata nafasi. Akanieleza yote, na nilipokuwa nikimsikiliza hasira zangu zilikuwa zikitafuta pa kukaa na hazipati.

Walifungiwa skrini kwenye magari. Skrini inampa kila mlango muda wake. Ukiwahi ni kijani, ukichelewa kidogo ni njano, ukichelewa zaidi ni nyekundu, na nyekundu zikizidi unaitwa ofisini. Kisha milango ikaongezwa, muda ukabaki uleule. Na ile skrini haimwamini mtu: gari likitembea na mkanda haujafungwa, inalia ti-ti-ti mpaka masikio yanauma, na taarifa inaruka ofisini. Kwa hiyo madereva walifanya hesabu zao. Kushuka na kupanda zaidi ya mara mia kwa siku, kila mara ufungue, kila mara ufunge, vifurushi vikiwa mkononi na jasho vidoleni, jioni inakukuta umebaki na milango. Lakini ukiufunga mkanda mara moja nyuma ya mgongo wako, mashine inanyamaza kutwa. Wenzake walimfundisha siku milango ilipoongezwa, na walimfundisha kwa upendo, kama unavyomwonyesha ndugu yako njia ya mkato.

“Na ukigongwa?” nikamuuliza.

“Naendesha kwa uangalifu.”

“Sikuulizi wewe unavyoendesha. Nakuuliza anayekugonga.”

Akasema tu kwamba akivaa mkanda kama inavyotakiwa atakuwa kama Kobe, na Kobe ana nyekundu kila siku, na Kobe ameshaitwa ofisini mpaka amezoea kiti. Akasema ukuta wa ofisi una karatasi mbili zimebandikwa jirani. Moja inasema mkanda ni uhai wako, atakayeuchezea atafukuzwa siku hiyohiyo. Nyingine inasema mteja hasubiri. Zote mbili zina muhuri mmoja.

Niliwaza kwenda kwa msimamizi wao. Nilivaa hata viatu. Nikavivua, kwa sababu nikisema tu, amefukuzwa, imeandikwa. Na nisiposema, kila gari la wagonjwa linalopita huko barabarani nitaliuliza limembeba nani. Hivyo ndivyo nilivyoishi wiki zile, nikishona na kusimamisha mashine kila king'ora kilipolia.

Nikamwomba aahidi. Akaahidi. Jioni iliyofuata alirudi na mstari.

Niliupokea kwa moyo mweupe, nusura nilie. Ulikuwa safi, mpana, umenyooka. Nililiweka shati kwenye beseni na nilipokuwa naligeuza mkono wangu ukasimama wenyewe. Mimi ni fundi. Mikono yangu inajua bega la kulia na la kushoto gizani. Mstari ulianzia kwenye bega lisilo la mlango. Nikaunusa. Ulinuka sabuni ya mche.

Nilimwita nikamwonyesha. Nilimuuliza gari lao lilihamisha mlango lini. Alitazama shati, akatazama mabega yake mwenyewe, moja baada ya jingine, na nikaona akielewa. Kumbe alikuwa amechukua kitambaa kilicholowa akajifuta kifuani kule stoo yao ya vifurushi kabla ya kuja nyumbani, akimwiga Kobe aliyekuwa amesimama mbele yake na mstari wake wa halali. Alisahau kwamba mtu akikutazama, bega lake limegeuka.

Tulicheka. Mungu anisamehe, tulicheka mpaka tukashikana, na watoto wakaja kuchungulia wakaondoka. Kicheko kikaisha, machozi yangu yakaendelea. Nikamwambia, kama una muda wa kujifuta mstari wa uongo, una muda wa kuvaa wa kweli. Akanishika mikono yenye povu, akasema, “Huo muda wa kujifuta ni wangu. Ule mwingine ni wao.” Sikuweza kumkasirikia tena baada ya hapo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Naye tangu siku hiyo hakujisumbua tena kujifuta hata huo wa uongo.

Ikafika siku yao ya usalama. Kampuni huwa inaifanya kila mwaka, familia zinaalikwa, stoo inafagiliwa, vifurushi vinasukumwa ukutani na viti vya plastiki vinapangwa. Tulipewa soda na biskuti. Mume wangu alikuwa amenionya kwamba huenda akaitwa mbele, akaniomba nisimwangalie vibaya. Mama mkwe alikuja pia. Aliposikia mwanawe anapewa zawadi alitoa kitambaa cha kichwa ambacho hakijatoka sandukuni tangu harusi yetu, akakaa mstari wa mbele, mimi kando yake.

Msimamizi wao ni mwanamke wa makamo, ana simu mbili na sauti ya upole. Sitamsingizia ubaya. Nilipojifungua mtoto wa pili alikuja kunijulia hali, akambeba mtoto. Lakini mlango wa ofisi yake ulikuwa wazi na nikaona naye ana skrini, kubwa kuliko za madereva, ina majina ya stoo zote za kampuni na rangi zilezile tatu. Ya kwao siku hiyo ilikuwa njano. Kila alipokuwa anapumzika kusema, macho yalikuwa yanakwenda kule.

Akamwita mume wangu. Dereva bora wa mwaka, akasema, kwa usalama na kwa kasi, mambo mawili ambayo watu wanadhani hayapatani. Akampa saa ya ukutani, kubwa, imefungwa kwa utepe. Makofi yakapigwa. Kisha akashika karatasi ya taarifa akatusomea.

“Mashine inaonyesha,” akasema, na alikuwa na fahari ya kweli, “kwamba mkanda wake haukufunguliwa hata mara moja tangu anapotoka getini asubuhi mpaka anaporudi jioni. Hata mara moja. Mwezi mzima.”

Makofi tena. Mama mkwe alipiga kuliko wote. Nami nikacheka.

Sikukusudia. Kilinitoka tu, kicheko kimoja kikubwa, nikakifunika kwa kikohozi lakini kilishafika. Madereva waliokaa nyuma yangu waliacha kupiga makofi, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kutazama viatu vyao. Mume wangu kule mbele amekumbatia saa, akaniangalia. Sikumwangalia vibaya. Nilimwangalia tu, kama ninavyomwangalia akilala.

Ingeishia hapo. Tungekunywa soda tukaenda zetu. Lakini msimamizi akageuza karatasi, akasema hakusudii kumwaibisha mtu, ila usalama hauna urafiki. Akamtaja Kobe. Akamwomba asimame. Kasi yake inajulikana, akasema, hilo tumelivumilia. Sasa taarifa inaonyesha kwamba mkanda wake unafunguliwa kutwa, ovyo, kuliko wa dereva yeyote wa stoo hii. Kwa hiyo kuanzia kesho hatashika gari mpaka makao makuu waamue.

Kobe alisimama na kofia mkononi. Mkewe alikuwa kando yake, mjamzito. Nilijua, na kila dereva mle ndani alijua, kwamba Kobe angeweza kujitetea kwa sentensi moja. Angesema tu, nendeni mkaangalie magari ya wenzangu. Aliipindua kofia yake mara mbili, akasema, “Nimesikia, bosi,” akaketi. Pole pole, kama kawaida yake.

Mume wangu alikuwa ameshaanza kurudi kwenye kiti chake. Akasimama katikati ya njia, akageuka, akarudi mpaka kwenye kipaza sauti na ile saa kifuani.

“Samahani, bosi,” akasema. “Mimi kwa siku nashuka kwenye gari zaidi ya mara mia. Kama mkanda wangu haujafunguliwa hata mara moja, huwa nashukaje?”

Msimamizi alitabasamu, kwa maana alidhani ni mzaha, akaitazama karatasi yake. Tabasamu lilikuwa bado lipo wakati macho yameshaacha.

“Nimeufunga nyuma ya mgongo wangu,” mume wangu akasema. “Haunishiki mimi, unashika kiti. Kobe anafungua kwa sababu anashuka, na anafunga kwa sababu anaondoka. Hapa anayevaa mkanda ni yeye. Na mimi mke wangu yuko pale, ameacha kulala.”

“Unajua sera inasema nini,” msimamizi akasema, karibu kwa kunong'ona.

“Najua, bosi. Iko ukutani ofisini kwako.”

Kazi imekwenda, nilijiambia, karo imekwenda, na mume wangu ndiye yule pale. Nilimpenda kuliko siku aliyonioa, na siku aliyonioa alikuwa amevaa suti niliyoishona mimi. Mama mkwe akaniinamia akaniuliza kwa wasiwasi kama sasa wataichukua ile saa.

Msimamizi aliweka karatasi chini, akapita katikati ya viti, akatoka uani kwenye magari. Tuligeuka wote kumwangalia kupitia mlango mkubwa wa stoo. Alifungua gari la kwanza akachungulia. Akafungua la pili. La tatu. Kila gari mkanda umekumbatia kiti, umefungwa vizuri, unasubiri asubuhi. Alikwenda mpaka mwisho wa safu. Gari la mwisho lilikuwa la Kobe, na mkanda wake ulikuwa unaning'inia kwenye nguzo ya mlango, huru. Halafu akatoa simu moja, akapiga, akaikata kabla hajaongea, akaketi kwenye ngazi ya lile gari na viatu vyake vizuri kwenye vumbi.

Sera ilisema wafukuzwe. Kama ingefuatwa, stoo ile ingebaki na Kobe peke yake, na Kobe hawezi kupeleka vifurushi vya mji mzima hata mkimpa mwaka. Kwa hiyo makao makuu wakaja, wakakaa, wakapiga mahesabu, wakafoka kidogo kulinda heshima. Mume wangu, kwa kuwa ndiye aliyesema, alitolewa barabarani akawekwa kupakia mizigo mpaka wapoe. Kobe alirudishiwa gari lake. Skrini hawakuziondoa, msije mkadhani dunia imegeuka. Lakini waliibadilisha ihesabu tofauti: muda wa mlango unaofuata hauanzi mpaka mkanda ulie kachi, na lazima ulie kila gari linapoondoka. Milango nayo ilipungua. Si mingi. Nasikia msimamizi aliandika barua ndefu, na stoo yake ikawa nyekundu kwa muda, na hakuwafokea.

Saa hatukunyang'anywa. Mume wangu alimpelekea Kobe, Kobe akaikataa, akasema nyumbani kwake saa ipo na wala haitumiki. Basi iko kwetu, juu ya mashine yangu. Inachelewa. Sijaipeleka kwa fundi na sina mpango huo.

Aliporudishwa barabarani, mashati yakaanza kurudi na mstari. Jioni ya kwanza nililinusa shati, nikalikagua bega, nikampigia saluti. Akanipa mkono, akaniuliza chakula kiko wapi.

Kisha ikaja ile alasiri. Nilikuwa napiga pindo la gauni, nikasikia gari likisimama nje, na si mwendo wake. Niliinuka na sindano bado kinywani. Alikuwa ni Kobe anashuka, anazunguka, anafungua mlango wa abiria, kinyume cha sheria zote za kampuni. Akamtoa mume wangu. Alikuwa anatembea. Alitembea kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa, lakini alitembea kwa miguu yake.

Lori lilitoka kwenye uchochoro bila kuangalia, Kobe akaniambia, na gari la Mshale mbele limeingia ndani mpaka huwezi kujua taa zilikuwa wapi. Akasema hospitali wamempima, mifupa yote iko salama, anatakiwa kupumzika na kupakwa dawa. Akaniwekea tyubu ya dawa mkononi. Alitaka kusema jambo jingine, akaishia kusema shemeji nimeacha gari katikati ya njia, akaenda. Ndiyo mara pekee niliyomwona Kobe akikimbia.

Nilimkalisha kwenye kigoda changu, nikamfungua vifungo vya shati. Mikono yangu ambayo haijawahi kukosea tundu la kifungo ilikosea vyote. Nilipolifunua shati nikauona. Haukuwa kwenye kitambaa tena. Ulikuwa kwenye ngozi, mpana kama kiganja changu, zambarau iliyoiva, umetoka begani ukakata kifua mshazari mpaka nyonga.

Akavuta pumzi, kidogo kidogo kwa sababu ilikuwa inauma.

“Kagua vizuri,” akasema. “Leo bega ni lenyewe.”

Nikamwambia anyamaze nimpake dawa. Nilianzia kwenye bega la upande wa mlango nikashuka taratibu kifuani, kidole kwa kidole, mpaka mwisho wake, na nilipofika mwisho nikarudi mwanzo nikaanza tena.